Kufunga na Kuwasha Jiko la Gesi kwa Usalama: Maelezo ya Kamati ya Majiko

(Yalisomwa na wajumbe wa Kamati ya Majiko siku ya sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi chetu, Kihonda, Morogoro, 2025)



Kwenye ratiba tumeandikiwa robo saa, baada ya taarifa ya Mweka Hazina na kabla ya chakula. Maana ya kuwekwa kabla ya chakula tunaijua. Tutajitahidi.

Habari za hisa, marejesho na faini mmeshazisikia, hatutazirudia. Sisi tumepewa jiko. Na Mwenyekiti alipotupa kazi hii alituambia tusije na maneno matamu tu kwa sababu ni sherehe, tuseme na yale yaliyotushinda. Basi tutaanza na hayo.

Mikopo ya majiko ya gesi tuliianza mwaka 2021. Sababu mnazijua wote. Mkaa ulikuwa unapanda bei kila masika, na sisi watu wa Morogoro Uluguru tunaiona kila tukifungua mlango, hatuhitaji kuambiwa mkaa unatoka wapi na huko unakotoka unaacha nini. Tulikuwa na wenzetu wa kukohoa mwaka mzima kwa moshi. Baadaye Serikali nayo ikatoa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wa mwaka 2024 hadi 2034, wenye lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Tukajiona sisi tulitangulia, na tulijisifu, tusiwafiche.

Lakini hebu tukumbushane tulivyotangulia. Tulinunua mitungi ya kilo 6 kwa bei ya jumla, tukaileta mkutanoni, tukaigawa chini ya mwembe kama tunavyogawa vitenge vya sare. Kila mama akatia sahihi kwenye daftari, akaita bodaboda, akaondoka na mtungi wake umelala mapajani kama mtoto. Hakuna aliyefundishwa kuufunga wala kuuwasha. Sisi wanakamati wenyewe, ungetuuliza siku ile ule mpira mdogo mweusi ndani ya mdomo wa mtungi ni wa kazi gani, tungekujibu ni pambo.

Mwaka 2022 ndipo tulipofunzwa. Mwenzetu mmoja, ambaye yupo hapa leo na ametupa ruhusa tuseme ila tusimtaje jina, ingawa wote mnamjua, alibandika uji wa mgonjwa jioni. Akaona maji yanaanza kutoka bombani, akachukua ndoo akatoka, maana maji ya mgao hayamsubiri mtu. Nyuma huku uji ukafura, ukamwagikia jiko, moto ukazimika. Koki ikabaki wazi. Chumba ni kimoja, dirisha limefungwa kwa ajili ya vumbi, mlango kaurudishia. Amerudi na ndoo ya tatu anakuta harufu mbaya. Umeme haukuwepo. Yeye akili yake ikamwambia panya amefia uvunguni. Akainama, akawasha kiberiti amulike uvunguni.

Na uvunguni ndiko gesi ilikolala.

Aliungua mikono yote miwili, uso na nywele za mbele. Majirani wakaja na dawa ya meno wakampaka, kwa nia njema kabisa, na kule hospitali wauguzi ikabidi waisafishe ile dawa ya meno juu ya kidonda kibichi. Anasema kusafishwa kule kuliuma kuliko moto wenyewe. Wiki tatu alilala. Mfuko wa jamii ulilipa, na hilo tulilifanya vizuri.

Baada ya hapo wanachama tisa walirudisha mitungi. Baba mmoja alisimama mkutanoni akasema tumewapelekea wake zao mabomu. Ndani ya kamati yetu wenyewe tuligawanyika: kuna waliosema mikopo hii ifutwe, turudi kwenye ada za shule na mitaji ya biashara ambako hakuna moto. Wengine tukasema, jamani, mkaa nao haujatuua? Kila mwaka tunasikia watu waliofungia jiko la mkaa chumbani usiku wa baridi wasiamke, kwa ile hewa ya sumu isiyo na harufu, kabonimonoksaidi. Tulibishana sana. Mwisho tukakubaliana jambo moja dogo: kabla ya kufuta au kuendelea, twende tukaone majiko yalivyo majumbani.

Tulikwenda nyumba ishirini na mbili. Tulikuwa tumemfuata fundi mmoja wa gesi akatufundisha kwanza sisi, siku mbili, akatuazima na brashi yake ya kupakia sabuni. Tuliyoyakuta ndiyo yanayofuata, na tunayasema bila kumcheka mtu, kwa sababu nusu yake yalikuwa kwenye nyumba zetu wanakamati.

Kwanza mjue gesi ya mtungi ni kitu gani. Ni mchanganyiko wa propani na butani, iliyoshindiliwa mpaka ikawa maji. Ukiutikisa mtungi unasikia yanacheza. Lita moja ya maji yale ikitoka nje inakuwa kama lita 250 za gesi. Ndiyo maana uvujaji mdogo, wa kusikia kama nyoka anapumua, unaweza kujaza chumba. Na gesi hii ni nzito kuliko hewa. Propani ni kama mara moja na nusu, butani ni kama mara mbili. Moshi wa kuni hupanda juu ukatoka kwenye paa, nasi tumezoea hivyo, tunaamini tundu la juu linatosha. Gesi haipandi. Inatambaa sakafuni kama maji yaliyomwagika, inaingia uvunguni, inaingia kwenye mtaro, inakaa kwenye shimo. Haihitaji kuwa nyingi: ikifika kama sehemu mbili katika mia za hewa, cheche moja inatosha.

Ile harufu yake si yake. Gesi yenyewe karibu haina harufu, hutiwa dawa kiwandani ili inuke. Utaratibu huo uliwekewa sheria baada ya watu kulipa kwa roho zao. Mwaka 1937, katika mji wa New London, jimbo la Texas kule Marekani, gesi asilia isiyo na harufu ilivuja chini ya sakafu ya shule, hakuna aliyejua, ikalipuka wakafa karibu watu mia tatu, wengi wao watoto. Jimbo lile likatunga sheria kwamba gesi itiwe harufu. Kwa hiyo ukisikia kitu kama yai viza au kitunguu kilichooza, usimsingizie panya. Kila nyumba tuliyokwenda tulifungua koki kidogo sana, nje uani, mbali na moto, tukawaita watoto na wazee wote wanuse. Bibi mmoja alituambia, "Kumbe ndiyo hii! Mimi nilikuwa nawagombeza kila siku mfunike mtaro."

Sasa tuje kwenye kufunga.

Mtungi unachukuliwa umesimama na unatumika umesimama. Ukilala, yale maji yanaweza kutoka yenyewe kwenye koki badala ya gesi, na moto wake haukamatiki. Dereva wa bodaboda mwambie aufunge wima nyuma, akikataa mwache aende. Ukishafika nyumbani, uweke mahali palipo sawa, si kwenye kona yenye mteremko, si shimoni, si kabatini. Tulikuta mama kaufungia mtungi kwenye kabati la vyombo, kaweka na kufuli, anasema kwa ajili ya wezi na watoto. Tunamwelewa. Lakini lile kabati ni uvungu mwingine. Gesi ikivuja mle inasubiri tu siku utakapofungua.

Chumba kiwe na pa kutokea hewa, na pawe chini, si juu tu. Uwazi ule chini ya mlango ambao sisi wote tunauziba kwa kanga kuukuu ili panya asiingie, wakati wa kupika utoe hiyo kanga. Ukiweza kupikia ukumbini au kibarazani, ni heri zaidi, ila angalia mwenzako asiwe na jiko la mkaa hapo hapo. Nyumba zetu hizi za vyumba sita na ukumbi mmoja, wapangaji watatu wanapika mkaa na mmoja gesi, huyo wa gesi ndiye wa kuhama nafasi wakati wa kubadilisha mtungi.

Ule mtungi mdogo wa kilo 6, ambao jiko lake linakaa juu ya mtungi wenyewe, una mambo yake. Kabla ya kufunga, chungulia mdomo wa mtungi uone ule mpira mdogo mweusi. Ndio unaoziba gesi isipite pembeni. Ukiwa haupo, umepasuka au umekauka, rudisha mtungi dukani, usifunge. Hakikisha koki ya jiko imefungwa, ndipo uzungushe jiko kwa mkono mpaka likae. Kwa mkono, jamani. Tulikuta watu wanakaza kwa spana kama tairi la lori, na spana ile ndiyo inayoukata ule mpira, kisha mnasema gesi ya siku hizi mbovu.

Sanduku letu la fedha lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa wanawake watatu. Mtungi mdogo una kufuli moja tu, ile koki. Mtoto akiizungusha basi, hakuna kufuli ya pili. Ndiyo maana mtungi mdogo hauachwi wazi hata ukienda kuchota ndoo moja.

Na usiupandishie mizigo. Sufuria ya ubwabwa wa hitima si ya jiko hilo. Kwanza litapinduka. Pili, sufuria pana hurudisha joto chini kwenye mtungi. Kosa la jamaa yake hilo ni kuuzungushia mtungi mabati au matofali kuukinga na upepo. Tulikuta nyumba nne wamefanya hivyo, na mbili ni za wajumbe wa kamati hii. Kufanya hivyo ni kuuoka mtungi. Upepo ukisumbua, hamisha jiko.

Wale waliokwisha kuchukua mtungi wa kilo 15 na jiko la plati mbili wana regulata na mpira. Regulata ni kile kidude kinachopunguza nguvu ya gesi kabla haijafika jikoni. Si kila regulata inakaa kwenye kila mtungi, kwa hiyo ukibadilisha kampuni uliza kwanza. Ikikaa sawa unasikia inabana, na ukiivuta haitoki. Ikichezacheza, usiilazimishe kwa kitambaa wala uzi.

Mpira uwe wa gesi. Tunalisema hili mara mbili kwa sababu tulikuta nyumba tatu wamefunga mpira wa kumwagilia bustani, kwa kuwa fundi wa mtaani aliwaambia ni kitu kile kile. Si kitu kile kile. Gesi inaula ule wa maji polepole, unakuwa laini, halafu unapasuka. Mpira wa gesi, mara nyingi wa rangi ya chungwa, umeandikwa ubavuni kuwa ni wa gesi. Usizidi mita moja na nusu, usipite nyuma ya jiko penye joto, usipite mlangoni wanapokanyaga watu, na kila ncha iwe na klipu ya chuma iliyokazwa. Waya wa kufungia si klipu. Sisi tumejiwekea kubadilisha kila baada ya miaka miwili, hata kama unaonekana mzima, na kabla ya hapo ukiona nyufa unapoukunja. Jiko likae juu ya meza, mtungi chini pembeni, si chini ya jiko lenyewe.

Halafu sabuni. Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu katika yote tuliyofundishwa hili ndilo lililotufungua macho. Chukua kikombe cha maji, tia sabuni ya unga au ya maji, koroga mpaka ipate povu. Jiko limezimwa, hakuna moto karibu. Fungua gesi pale kwenye regulata, koki za jiko zikiwa zimefungwa. Kwa brashi au kipande cha sponji, paka povu kwenye kila maungio: mdomo wa mtungi, regulata, ncha zote mbili za mpira, na mpira wenyewe mwanzo hadi mwisho. Kwenye mtungi mdogo paka pale jiko linapoungana na mtungi na kuzunguka koki. Subiri. Usiangalie juu juu ukaondoka. Pakivuja, mapovu yanavimba moja baada ya jingine kama mdomo wa kaa. Ukiyaona, funga gesi, kaza au badilisha kinachovuja, paka tena. Kisha futa kwa kitambaa chenye maji safi.

Katika nyumba zile ishirini na mbili, mapovu yalivimba nyumba saba. Saba! Na katika hizo saba, tano walisema harufu wanaisikia siku nyingi ila wameizoea. Kazi ile ni ya dakika tano na sabuni ya shilingi chache, na ifanywe kila mtungi unapobadilishwa, si siku ya kwanza tu. Kamwe usitafute uvujaji kwa njiti ya kiberiti. Kuna fundi tulimkuta anafanya hivyo kwa mama mmoja, anajisifu ni uzoefu. Tulimwomba atoke.

Kuwasha nako kuna mpangilio wake. Kwanza nusa, inama chini unuse, si ukiwa umesimama. Hakuna harufu? Basi washa njiti kwanza, ilete karibu na jiko, ndipo ufungue koki taratibu. Wengi tunafanya kinyume: tunafungua gesi, halafu ndiyo tunatafuta kiberiti, kiberiti kipo kwa jirani, huku gesi inatoka. Njiti ikizimika kabla jiko halijashika, funga koki, subiri dakika chache hewa isafike, uanze upya. Jiko la kubonyeza ni hivyo hivyo: likikataa, usibonyeze mara ishirini gesi ikiwa wazi. Uso usiwe juu ya jiko, na kanga isiwe inaning'inia. Kitenge cha mabegani kifunge kiunoni, mtoto wa mgongoni mpe mtu.

Moto uwe wa bluu. Ukiwa wa njano na unaweka masizi kwenye sufuria, jiko halipati hewa ya kutosha, au vitundu vyake vimeziba kwa uji na maharage yaliyomwagika. Zima, likipoa lisugue kwa brashi. Moto wa njano unaleta ile sumu tuliyoitaja ya mkaa, na gesi yako inaisha upesi bure.

Kuzima: kwenye mtungi mkubwa, mwisho wa mapishi funga regulata kwanza, acha moto ufe wenyewe, kisha funga koki ya jiko. Hivyo hakuna gesi inayobaki mpirani usiku kucha. Mtungi mdogo, funga koki yake, halafu ujaribu tena kwa mkono kuwa imefika mwisho. Kupuliza moto kwa mdomo si kuzima.

Ukikuta harufu nyumbani, usiwashe taa wala usiizime, usiwashe feni, usipige simu ukiwa mle ndani. Funga gesi kama unaifikia, fungua milango na madirisha, toa watu, waambie wapangaji wenzako wasiwashe kitu, kapige simu ukiwa nje. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, na ukipiga haitozwi. Mafuta yakiwaka kwenye kikaango, funga gesi na ufunike kwa mfuniko au kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa. Usimwagie maji, maji yanayarusha mafuta yenye moto mpaka kwenye pazia. Moto ukiwa kwenye mtungi wenyewe na hufikii koki, ondokeni. Mtungi unanunuliwa.

Aliyeungua amwagiwe maji safi ya kawaida yanayotiririka, dakika ishirini, saa mkiiangalia. Pete na bangili zitolewe mapema kabla mkono haujavimba. Kisha kitambaa safi, na hospitali. Si dawa ya meno, si yai, si asali, si mafuta ya taa. Mwenzetu ametuomba tuliseme hili kwa sauti, na tumelisema.

Kuhusu kununua tutapita upesi. Nunueni duka lenye mzani, na mtungi upimwe mbele yenu. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu ya mtungi wenyewe. Toa huo, kinachobaki ndicho gesi yako, na kiwe kilo 6 au 15 kamili. Angalieni lakiri. Wale wanaopunguza gesi kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo uani kwa bei nafuu, msiwape mitungi yenu. Kiwandani huacha nafasi ndani ya mtungi ili yale maji yapate pa kutanukia joto likizidi. Huyu wa uani hajui hilo, anajaza mpaka juu. Mnakumbuka Embakasi, kule Nairobi, usiku wa kuamkia Februari 2, 2024: lori la gesi lililipuka mahali palipokuwa pakijaziwa mitungi katikati ya nyumba za watu. Walikufa watu na karibu mia tatu wakajeruhiwa, wakiwemo waliokuwa majumbani kwao.

Sasa tuseme lile ambalo lilituuma zaidi katika ziara ile. Jina kwenye daftari la mikopo ni la mama, lakini tulipouliza nani anawasha jiko, katika nyumba nyingi mama hakuwa yeye. Mama yuko sokoni tangu saa kumi na moja alfajiri. Anayewasha ni binti wa kazi aliyetoka kijijini mwezi uliopita na hajawahi kuona gesi, au mjukuu wa darasa la tano, au bibi asiyeona vizuri. Sisi hata kama tungefundisha siku ile chini ya mwembe, tungekuwa tumewafundisha watu wasiopika. Kuna binti mmoja alituambia alikuwa anaogopa jiko lile kuliko kitu chochote mle ndani, lakini alikuwa anaogopa zaidi kusema kuwa hajui.

Ndiyo maana kanuni ikabadilishwa mwaka 2023, kwa kura, na waliopinga walikuwa wengi, msidhani ilikuwa rahisi. Walisema tunaingilia nyumba za watu. Sasa hakuna mkopo wa jiko unaotoka mpaka wajumbe wawili wafike nyumbani na mtungi, wafunge pamoja na wenye nyumba, wapake sabuni, na anayepika, awe nani, awashe na kuzima mara tatu mbele yao. Ndipo mama anatia sahihi. Akija binti mwingine, mama anatuambia, tunarudi. Tangu wakati huo hatujapata aliyeungua kwa gesi. Wale tisa waliorudisha, sita wamechukua tena. Watatu hawataki, na hatuwashurutishi. Mmoja wao amekwenda kwenye jiko la umeme na anatucheka.

Yule baba aliyesema mabomu yupo hapa, amekaa kiti cha tatu kutoka mlangoni. Mwaka jana alitupigia simu usiku akiwa nje uani kwake, amesikia harufu, ameshafungua madirisha, ameshawatoa watoto. Ilikuwa klipu imelegea. Asante, baba.

Mwenzetu naye amerudi kupikia gesi, lakini ilichukua miezi kumi na minne, na hadi leo ndoo ikijaa anazima kwanza ndipo atoke. Chai mliyokunywa asubuhi aliiwasha yeye.

Tumalizie matangazo. Baada ya chakula, pale nyuma ya turubai, tutakuwa na mtungi mmoja mkubwa na mmoja mdogo, na beseni la sabuni. Waleteni mabinti. Akina baba pia, mikono ni ya kila mtu. Ambao mipira yao imetimiza miaka miwili, andikeni majina kwa Katibu kabla hamjaondoka. Kamati itanunua kwa jumla. Mpira utakuwa juu ya kikundi. Klipu, kila mtu na yake.